Tai wa Jiwe la Verna

Seattle, 26 Oktoba 1987

Mjomba wangu Horace,

Shikamoo, na kwa mkaza mjomba Opal shikamoo pia. Sisi huku tu wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika soksi. Iris ameng'oka jino la mbele, na sasa anamchekea kila mtu njiani ili walione pengo. Mume wangu Carl yupo bado kwenye gereji ile ile. Mgongo unamsumbua lakini hasemi, mpaka ainame ndipo tumjue.

Nakuandikia kwa ajili ya jiwe la kaburi la mama. Nimepata fundi wa mawe hapa mjini, mzee mmoja mtaratibu, anayeweza kuitazama picha na kuichonga juu ya jiwe ikatoka kama ilivyo. Nimempelekea ile picha yako iliyokuwa juu ya jiko langu, ya tai aliyetua kwenye barafu na mbawa bado ziko juu. Mama aliipenda kuliko zote ulizowahi kupiga mtoni. Alikuwa akisema, "Huyu ni Horace alipokuwa kijana, kabla hajaota tumbo." Fundi ataanza kuchonga baada ya mwaka mpya. Jiwe litapanda feri barafu ikiisha, na mwakani mwezi wa kumi tutaanua matanga jiwe likiwa limeshasimama.

Wewe ndiye mkubwa wa ukoo na karamu ni yako, kwa hiyo sikuombi ruhusa, nakujulisha tu ili upumzike. Uzibebe nguo nzito ukienda mtoni. Najua hutabeba.

Mpwa wako,
Nadine


Kijijini, 7 Novemba 1987

Mpwa wangu Nadine,

Marahaba. Barua yako Opal aliisoma kwa sauti, akairudia kwa sababu ya jino la Iris. Tuko salama. Kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi kilivuja paa, nimekiziba. Mbwa amezeeka, hawabwekei tena watu, anawatazama tu kwa masikitiko.

Tai wamejaa. Mto umeganda juu na umeganda chini, lakini pale kwetu ambapo maji hayagandi samoni wa mwisho bado wanapanda, na kila mti wa ukingoni umelemewa na ndege. Wageni wa kamera wamefika nao, lenzi zao ndefu kama mabomba ya jiko. Jana mmoja aliniuliza kama najua mahali pazuri pa kupigia picha. Nikamwelekeza kwenye maegesho ya magari.

Sasa nisikilize. Nenda kwa huyo fundi ukaichukue picha yangu kabla hajaigusa. Sisi ni wafiwa, Nadine, na unajua watu wetu ni pande mbili, Tai na Kunguru: upande mmoja ukifiwa, ule mwingine ndio unaozika. Mama yako alikuwa Tai, mimi ni Tai, wewe ni Tai kwa tumbo la mama yako, na Iris vilevile. Aliyemwosha dada yangu Verna ni Kunguru. Waliochimba kaburi ni Kunguru. Wao walipika, sisi tukakaa tukalia, ndivyo inavyotakiwa. Jiwe ni kazi hiyo hiyo, haijaisha. Nikiipiga mimi picha ya jiwe la dada yangu, ni kama nimemchimbia kaburi kwa mikono yangu mwenyewe. Halafu siku ya karamu tutasimama tumshukuru nani? Tujishukuru wenyewe? Watatucheka mpaka Juneau. Wewe umekaa mjini miaka mingi, sikulaumu, lakini tai wa jiwe lile lazima apigwe picha na mkono wa Kunguru.

Nimeanza kutafuta mkono. Opal ni Kunguru, nikampa kamera. Tatizo lake hawezi kufumba jicho moja, akifumba yanafumba yote. Alipiga picha ya buti langu. Kisha akanirudishia kamera na kusema, "Horace, kazi hii ina mwenyewe, na unamjua."

Mwenyewe alikuja juzi mlangoni. Ni baba yako, Elwood. Alisimama kwenye theluji akasema amesikia natafuta mtu. Sikumkaribisha ndani.

Jambo jingine. Je, mama yako alikupigia simu kabla hajafariki? Opal ameniuliza.

Mjomba wako,
Horace


Seattle, 19 Novemba 1987

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima. Iris ana kikohozi kidogo. Picha nimeichukua, imerudi juu ya jiko. Unisamehe, nilijua na nikasahau, na kusahau kwenyewe kumenitia aibu.

Lakini yeye, hapana. Mtafute Kunguru mwingine yeyote. Mtafute dereva wa gari la kufagia theluji, mtafute mlevi wa bandarini, mradi mama yake awe Kunguru. Mke wake alilala hospitali ya Juneau anakata roho, yeye yuko baharini anavuta mishipi ya samaki. Wewe ndiye uliyemshika mama mkono, mjomba, wewe peke yako. Yeye aliporudi alikuta jeneza. Na hakusema neno. Hata "pole mwanangu" hakusema. Alisimama kofia mkononi kama mtu aliyekosea mlango. Siku ile alininyooshea mkono sikuupokea, na mpaka leo sijaupokea. Sitaki mkono huo uguse jiwe la mama.

Hiyo habari ya simu tutaizungumza siku nyingine.

Nadine


Kijijini, 13 Desemba 1987

Mpwa wangu,

Pole na kikohozi cha mtoto. Mpe maji ya moto na asali, na usimpe dawa ya Carl ya kila kitu. Jibu limechelewa kwa sababu theluji ilianguka bila huruma na ndege ya posta ilikuwa inakuja, inatuzunguka juu, inarudi. Na kwa sababu nyingine, kwamba sikuwa na la kukuandikia.

Nilijaribu ulivyotaka. Mpwa wake Opal amehamia Anchorage. Dereva wa gari la theluji ni Kunguru kweli, lakini anaogopa ndege. Hiyo ni aibu kubwa kwa Kunguru, sikuitangaza. Wengine ama ni wagonjwa ama wako mbali. Nikabaki na mmoja. Usidhani nampenda kuliko wewe unavyompenda. Mimi ndiye niliyekuwa pale dada yangu akiuliza ni saa ngapi, kisha akauliza tena. Lakini mila haiulizi nani tunampenda.

Kwa hiyo nilimpeleka mtoni. Nilimwonyesha namna ya kuweka betri kwapani isife kwa baridi, asilipumulie tundu la kuchungulia la kamera likaganda, na asubiri mpaka ndege asahau kwamba kuna mtu. Kisha baridi ikanizidi, nikamwachia kamera, nikarudi nyumbani.

Filamu hii hapa. Huku hakuna wa kuisafisha, na sijui kilichomo. Ukiona hakuna kitu, basi, tutafikiri upya. Opal amekufungia samoni mkavu. Mweke mbali na nguo.

Mjomba wako,
Horace


Seattle, 17 Januari 1988

Mjomba Horace,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Kikohozi kimekwisha. Samoni alifika salama. Carl alimla kwa kusimama jikoni, hakungoja sahani. Iris ameota jino jipya, limekaa upande, anadhani ni la mtu mwingine.

Filamu niliitupa kwenye droo ya vijiko. Kila nikichukua kijiko naiona, nafunga droo. Nikajiambia nitaipeleka kesho, na kesho ikawa sikukuu, na sikukuu zikaisha. Mwishowe Iris ndiye aliyeuliza kama ndani ya kile kikopo kuna pipi. Nikaona haya mbele ya mtoto, nikaipeleka studio.

Picha nyingi ni anga tupu. Nyingine ni theluji na bawa kwenye kona, ndege kashaondoka. Kuna moja ya kidole chake. Moja tu ndiyo imetulia: tai mzima, kichwa cheupe, yuko kwenye barafu karibu kabisa na maji. Sijui alimkaribiaje vile. Manyoya unaweza kuyatenga moja moja. Ila amempa mpiga picha mgongo, uso hauonekani kabisa. Nani anaweka mgongo kwenye jiwe la kaburi?

Ya mwisho kabisa ni wewe. Umekaa kwenye gogo, kichwa umekiinamisha, na koti ulilovaa juu ya koti lako ni lake, lile la mistari myekundu. Chupa ya kahawa iko kwenye theluji na vikombe viwili kando yake. Jua linazama nyuma yako.

Wewe uliniandikia kwamba ulimwachia kamera ukarudi nyumbani.

Nusu yangu imekukasirikia, mjomba. Nusu nyingine inaogopa. Alikwambia nini?

Nadine


Kijijini, 6 Februari 1988

Nadine,

Opal anakusalimu. Mbwa alikufa wiki iliyopita, usingizini, nyuma ya jiko. Dereva wa gari la theluji alinisaidia kuchimba, maana ardhi ni chuma. Mtoni wamebaki tai wachache wanaogombea mifupa.

Umenikamata. Sikujua kama alinipiga picha. Kunguru ni mwizi tangu dunia ilipoanza, alipoiba jua kwa domo lake.

Sikutaka kukuandikia haya kwa sababu si yangu, ni yake, na yeye hakuyatoa ili yasafirishwe kwa posta. Lakini nikikaa kimya utachonga jiwe ukiwa hujui, na hilo ni baya zaidi.

Tulikaa pale tangu asubuhi. Mwanzoni tulizungumza ya kamera tu. Kisha akaanza maskhara yake, unamjua.

"Shemeji," akasema, "hawa ndugu zako wanaringa. Huyu nimemsubiri mpaka makalio yameganda, na bado ananionyesha kisogo."

"Wewe bonyeza," nikamwambia. "Kunguru kazi yenu domo."

"Domo ndilo lililowaletea nyinyi mwanga."

"Na nyinyi likawaletea njaa."

Nikacheka, Nadine. Kucheka kulinitoka tu, na kulinikera, kwa sababu sikuwa nimekwenda pale kucheka naye. Nikatafuta neno la kumchoma. Nikamwambia, "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Ndivyo ulivyolikimbiza lako dada yangu alipokuwa anakufa."

Yeye hakucheka. Aliishusha kamera, akaifunika kwa kofia theluji isiingie. Nikadhani atanipiga, nikatamani anipige.

Kisha akasema, "Alinifukuza, Horace."

"Nani?"

"Verna. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Akaniambia, 'Msimu umefunguliwa, wenzako wote wako baharini, wewe umeketi unanikodolea macho kama sufuria isiyochemka. Nenda kavue. Nitakuwepo ukirudi.' Nikamwambia siendi ng'o. Akageukia ukutani. Nikambembeleza, hakugeuka. Hakugeuka mpaka aliposikia navaa buti."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema? Umetuacha tumekuita mwoga tangu siku ile."

"Ningesema nini? Kwamba marehemu alinidanganya? Siku ya maziko yake, mbele ya binti yake? Mniite mwoga. Yeye hamwezi kumwita mwongo."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoinama, na hapo ndipo aliponivika koti. Mimi nilikuwa pale hospitali. Dada yangu alipokuwa akiuliza saa, nilidhani anamlaumu mtu ambaye hajafika. Sasa nadhani alikuwa anahesabu mashua imeshafika mbali kiasi gani. Sijui. Hakuna wa kumuuliza.

Picha ni yako kuamua. Kama humtaki Elwood bado, sema, nami nitatafuta Kunguru hata Kanada.

Horace


Seattle, 20 Machi 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo. Poleni na mbwa. Iris alilia kuliko nilivyotarajia, maana alimpanda mgongoni kiangazi kile tulipokuja kuwatembelea. Carl ameanza kwenda kwa daktari wa mgongo, analalamika njia nzima kwenda na kurudi. Mimi sijambo.

Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza kalamu ilikataa. Uliniuliza kuhusu simu, nami nikasema siku nyingine. Siku yenyewe ni leo.

Mama alinipigia wiki ile ile aliyomfukuza baba. Sauti yake ilikuwa nzima, hata alinichekesha. Alisema kuna kauvimbe kadogo, madaktari wanapenda kujishughulisha. Nikamwambia nakuja kesho. Akanijibu, "Uje kufanya nini? Ukae unitazame? Usipoteze likizo yako. Njoo kiangazi tukachume beri. Nitakuwepo." Nikamwambia nimeshaulizia tiketi ya ndege. Akanikatia simu, mjomba. Nilipompigia tena hakupokea mpaka nilipomwachia ujumbe kwa muuguzi kwamba sawa, siji.

Sikumwambia mtu. Wewe uliona nimefika nimechelewa, ukadhani ndege ilichelewa. Carl alidhani ni kazi. Na mimi nilisimama kaburini nikamtazama baba, nikamchukia kwa kitu kile kile nilichofanyiwa. Alikuwa amesimama na kofia yake, ananitazama, na wala hakujua kwamba tulifukuzwa sote wawili kwa maneno yale yale.

Nimemkasirikia mama. Nilikuwa sijawahi. Nimevunja bakuli lake la bluu, si kwa bahati mbaya. Kisha nikakaa chini jikoni nikalia mpaka Carl akaja na ufagio, akafagia kimya kimya kunizunguka.

Jana nilipeleka picha kwa fundi, ile ya mgongo. Aliitazama juu chini akaniuliza, "Una hakika? Ndege hana uso." Nikamwambia achonge hivyo hivyo, unyoya kwa unyoya. Nyuma ya karatasi ameandika jina la mpiga picha kwa ajili ya kumbukumbu zake, akaniuliza linaandikwaje. Nikamtajia herufi za jina la baba yangu, moja baada ya nyingine. Tangu Mei iliyopita sikuwa nimelitamka.

Jiwe litapanda feri mwishoni mwa Mei. Nami nitakuja Oktoba na Iris, na Carl mgongo ukimruhusu.

Tafadhali mwambie baba haya yote. Mwambie kuhusu simu. Mwambie nimeichukua picha yake. Wewe utajua namna ya kumwambia.

Mpwa wako akupendaye,
Nadine


Kijijini, 29 Aprili 1988

Mpwa wangu Nadine,

Marahaba, marahaba. Barafu imevunjika na mto unapiga kelele kama soko. Samaki wadogo wa mafuta wameanza kupanda, Opal amejaza mapipa, nyumba nzima inanuka na mimi ninanuka, na tumefurahi. Tai wametawanyika kwenda kwenye viota. Yupo mmoja mwenye kiota juu ya mti wa nyuma ya kanisa, anatupa matawi kwenye paa la mchungaji. Mwambie Carl asibebe jiwe hata kama ataambiwa ni jepesi.

Barua yako nimeisoma peke yangu, nje. Bakuli lilikuwa la mama yetu kabla ya kuwa lake, na lilikuwa na ufa. Usilie kwa ajili yake.

Kuhusu ulichoniomba: sitamwambia.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Fikiria siku ya karamu. Sisi Tai tutakuwa wenyeji, tumesimama upande wetu. Kunguru watakuwa wameketi upande wao. Nitaita majina ya waliomfanyia kazi Verna, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa tutamvika blanketi mbele ya watu wote. Nitakapofika kwa aliyepiga picha ya jiwe, mimi nitakaa chini. Wewe ndiye binti, wewe ndiye utakayemwita na mkono wako ndio utakaomvika. Hilo si ombi. Na huwezi kuvuka ukumbi mzima kumwendea mtu ambaye habari zako amezipata kwa mjomba.

Kila nikienda posta namkuta baba yako. Haulizi kitu, wala picha haulizi. Anasimama karibu na visanduku mpaka karani amalize kugawa barua, kisha ananitania kidogo kuhusu tumbo langu na kwenda zake. Anakaa nyumba ile ile. Anwani unaijua, ulijifunza kuandika kwa kuiandika.

Humu ndani nimekuwekea stempu. Usiitumie kuniandikia mimi.

Mjomba wako,
Horace